Kalibu, Jiko la Udongo na Nakala ya Nakala

Nimekuwa kimya hapa kwa wiki tatu na baadhi yenu mmeniuliza kama nimeacha kuandika. Sijaacha. Nilikuwa na plasta mikononi.

Mnaonifahamu mnajua kwamba kazi yangu ya mchana ni kuandika programu, na kwamba kila baada ya miezi kadhaa hunipanda kichaa cha kutaka kutengeneza kitu kinachoshikika. Mara hii kichaa kilikuwa ufinyanzi wa kumimina. Unatengeneza kalibu ya plasta, unamimina uji wa udongo ndani, unasubiri, unamwaga uliobaki, halafu unafungua kalibu na kutoa kikombe. Mimi sikutaka kalibu moja ya kikombe kimoja. Nilitaka ya vipande vinavyobadilishana: vitako 3, matumbo 4, shingo 3. Vipande 10, maumbo 36. Mtu wa programu akiona hesabu ya namna hiyo halali.

Basi nikageuza kona ya chumba changu hapa Kiamaiko kuwa karakana. Wiki hiyo mvua ilinyesha mfululizo na kalibu zikakataa kukauka. Usiku mmoja, baada ya kupika, nikaziweka juu ya jiko la makaa, moto ukiwa umebaki kidogo tu. Asubuhi pembe zote zilikuwa unga. Nikigusa, zinamomonyoka kama ugali wa jana.

Kosa lenyewe ni la kemia ya darasani. Plasta ni jasi, jiwe ambalo lina maji ndani ya fuwele zake. Ukilichoma kwa nyuzi 150 hivi za Selsiasi, robo tatu ya maji hayo inatoka na unabaki na unga mweupe. Ukiurudishia unga maji, unashika tena na kuwa jiwe, na katika muda huo mfupi wa kushika ndipo unaupa umbo unalotaka. Lakini ukilipasha jiwe hilo la pili joto la kupita nyuzi 50 hivi kwa muda mrefu, maji yanaanza kutoka tena. Nilikuwa nimezirudisha kalibu zangu zilikotoka.

Nilimsimulia mzee mmoja ambaye hutengeneza majiko karibu na ninapoishi. Alicheka hadi akaweka nyundo chini. Kisha akachukua jiko ambalo halijauzwa, akaligonga bakuli la udongo la ndani kwa kidole na kuniambia, "Kijana, hata hili lilizaliwa kwenye kalibu. Umeichoma mamake."

Nimepika kwa jiko la aina hiyo tangu utotoni na sijawahi kujiuliza lilitoka wapi. Nikaanza kutafuta, na yaliyofuata hapa ndiyo niliyopata. Nikiri mapema kwamba bakuli la jiko halimiminwi, hufinyangwa ndani ya kalibu. Lakini swali la kalibu ni lile lile kwa wote wawili, mimi na vikombe vyangu na wao na majiko yao: utahakikishaje kwamba kitu cha elfu moja kinafanana na cha kwanza?

Tuanze na kalibu yenyewe. Kalibu ni kifaa kinachotoa umbo. Anayefyatua matofali anayo ya mbao. Ile ya plasta ina kipaji cha ziada, nacho ni kunywa maji. Uji wa udongo ukigusana na ukuta wa plasta, maji yanafyonzwa na chembe za udongo zinabaki zimejipanga ukutani kama utandu. Utandu huo unanenepa kadiri unavyosubiri, ila si kwa mwendo ule ule, kwa sababu maji yanayofuata lazima yapenye kwenye utandu uliokwisha kujengeka. Unene mara mbili unadai muda mara nne. Unene mara tatu, muda mara tisa. Iweke hesabu hii mahali, nitairudia.

Uji nao si udongo na maji tu. Ukiongeza maji hadi udongo umiminike, kalibu inalowa kabla chombo hakijapata mwili. Wafinyanzi hutia kiasi kidogo sana cha silikati ya sodiamu, ambayo hufanya chembe za udongo zisukumane badala ya kushikana, na hapo udongo mzito unamiminika kama uji wa mtoto bila kuongezwa maji. Mara ya kwanza kuona jambo hili nilidhani nimefanyiwa kiinimacho. Sinki unalonawia mikono na bakuli la choo cha kuvuta maji vimetengenezwa hivi.

Ulaya, plasta ilipata jina la Paris kwa sababu ya machimbo ya jasi ya Montmartre. Katika wilaya ya wafinyanzi ya Staffordshire, Uingereza, inasimuliwa kwamba Ralph Daniel ndiye aliyeileta kutoka Ufaransa katika miaka ya 1740. Kabla yake walikuwa na kalibu za udongo uliochomwa na vielelezo vilivyochongwa kwa alabasta, ambayo nayo ni aina ya jasi. Kilichonishika katika habari yao ni utaratibu waliojijengea, zaidi ya plasta yenyewe.

Mchongaji anatengeneza mfano. Kutoka kwenye mfano inatolewa kalibu mama, na hiyo haimiminwi udongo kamwe. Kutoka kwa mama wanatoa tena umbo la mfano, la plasta ngumu, na juu ya umbo hilo ndipo wanatengeneza kalibu za kazi, kumi, hamsini, kadiri wanavyotaka. Za kazi huchakaa. Kila mmimino unalamba kidogo ngozi ya plasta, pembe zinakuwa butu, michoro inafifia, na baada ya vyombo mia moja hivi kalibu inatupwa. Mama yuko kabatini, hajaguswa. Anayeandika programu ameshatambua tunachozungumzia: msimbo chanzo unahifadhiwa, kinachotumika na kuchakaa ni kile kilichotolewa kutoka kwake. Watu wa Staffordshire walilielewa hilo zaidi ya miaka 200 kabla ya sisi kuanza kugombana juu ya nani amefuta faili.

Sasa turudi Eastlands. Kutoka Kiamaiko, ukipita Eastleigh na Pumwani kwa miguu, unafika Shauri Moyo, na unasikia mahali hapo kabla hujapaona. Ni nyundo juu ya bati, mamia yake. Hapo na Kamukunji jirani yake, mafundi wa jua kali wamekuwa wakigeuza mapipa na mabati makuukuu kuwa masanduku, karai, na majiko.

Jiko la zamani lilikuwa la bati tupu. Hutajwa mara nyingi kwamba muundo wake uliletwa na Wahindi waliokuja kujenga reli kuanzia 1896. Lilikuwa jepesi, rahisi kutengeneza, rahisi kununua, na lilikuwa na kasoro moja kubwa: lilipasha chumba joto kuliko sufuria. Bati halizuii joto. Makaa yalikuwa yakichoma hewa na vidole vya watoto.

Kwa miaka mingi hilo halikuwa jambo la kuzungumziwa na wakubwa. Lililobadilisha mambo ni bei ya mafuta, iliyoruka 1973 na tena 1979, ndipo serikali zikaanza kuhesabu nishati ya aina zote, pamoja na kuni na makaa ambayo ndiyo yaliyokuwa yakipikia watu wengi. Agosti 1981 Umoja wa Mataifa ulifanya mkutano wake kuhusu nishati mpya na zile zisizokwisha, na ulifanyika hapa Nairobi. Wakati huo huo Wizara ya Nishati, kwa fedha za msaada wa Marekani, ilikuwa ikianzisha mradi wa maendeleo ya nishati hizo, na jiko la makaa lilikuwa moja ya kazi zake. Tayari palikuwa na jaribio lililoitwa Umeme, jiko lililotoka katika kituo cha teknolojia ya vijijini cha UNICEF huko Karen. Lilihifadhi joto lakini lilidai bati nyingi na kazi nyingi. Halikuwa la mtu wa Mathare.

Wazo lililoshinda lilitoka mbali. Huko Thailand watu walikuwa wakipikia ndoo: bakuli nene la udongo uliochomwa, limewekwa ndani ya ndoo ya bati, na nafasi ya katikati imejazwa majivu ya maganda ya mpunga ili kuzuia joto. Wakenya waliokuwa kwenye mradi, Max Kinyanjui akiwa mmoja wa walioongoza, walilichunguza jiko hilo na kulileta nyumbani. Hawakulinakili lilivyo. Na hapa ndipo, kwa maoni yangu, kazi kubwa ya usanifu ilipofanyika, ingawa haina mapambo ya kuvutia macho.

Ndoo ya Thailand ni nzito na udongo wake unashuka hadi chini. Kwa upishi wetu, ambapo mtu anakoroga ugali kwa nguvu zote huku sufuria ikiyumba, chombo chenye kitako chembamba ni hatari. Jiko la Kenya lilipewa umbo la koni mbili zilizogusana viunoni, kama ngoma: pana juu, jembamba katikati, pana tena chini. Udongo ukawekwa nusu ya juu tu, mahali moto ulipo. Nusu ya chini ni bati tupu lenye mlango wa majivu. Uzito ukapungua, udongo ukapungua, jiko likasimama imara. Na kwa sababu nusu ya juu ni koni, bakuli linaingia kutoka juu na kukaa lenyewe. Halihitaji msumari. Pengo dogo linalobaki linazibwa kwa saruji iliyochanganywa na vermikulaiti, madini mepesi yenye tabaka kama kurasa, yanayozuia joto.

Fikiria maana ya muundo huo kwa watu wanaoutengeneza. Fundi wa bati wa Shauri Moyo hajui kufinyanga, hana tanuri, na hana haja ya kujifunza. Mfinyanzi naye hahitaji kujua kukunja bati. Kila mmoja anabaki na ufundi wake, na kinachowaunganisha ni vipimo viwili: upana wa mdomo wa koni na mteremko wake. Mkikubaliana juu ya hivyo viwili, wewe unaweza kuwa Nairobi na mwenzako akawa kwenye machimbo ya udongo maili nyingi kutoka mjini, hamjawahi kuonana, na bado bakuli lake litaingia kwenye bati lako. Katika kazi yangu tunatumia miaka kufundishana hilo. Tunaliita mahali pa kuungana, tunaliandikia nyaraka ndefu ambazo hakuna anayezisoma. Wao walikuwa na koni.

Mkataba huo uliandikwa wapi? Kwenye kalibu. Bati unaweza kulikata kwa kufuata kielelezo na ukikosea unaligonga hadi likubali. Udongo uliochomwa haukubali kugongwa. Karakana zilizokuwa na uwezo zilitumia kalibu za plasta zilizowekwa juu ya gurudumu linalozunguka. Kalibu inatoa umbo la nje na mkono wenye ubapa wa bati unashuka kukwangua umbo la ndani. Wadogo zaidi walikandika udongo kwa mkono ndani ya kalibu za saruji, mbao au chuma.

Nami nilijiuliza, kwa nini wasimimine? Jibu liko kwenye ile hesabu niliyowaambia muiweke. Vikombe vyangu vina ukuta wa milimita 3 na vinachukua dakika 10. Bakuli la jiko langu nimelipima, lina milimita 24, yaani mara 8 ya kikombe. Mara 8 za unene ni mara 64 za muda: dakika 640, karibu saa 11, kwa bakuli moja, halafu kalibu iliyolowa chepechepe inahitaji siku kadhaa kukauka. Na udongo wa jiko una chembe nene zinazolisaidia kuvumilia moto, ambazo zingezama chini ya uji. Hakuna biashara hapo. Kukandika kunachukua dakika chache.

Majiko hayo, ambayo kwa kawaida hutajwa kuwa yanapunguza makaa kwa asilimia 30 hadi 50 ukilinganisha na la bati tupu, hayakuwekewa hataza. Shirika la KENGO, lililounganisha mashirika yasiyo ya serikali yaliyoshughulika na nishati, liliendesha mafunzo kwa mafundi. Mwaka 1991 Hugh Allen alichapisha kitabu kizima cha mwongozo kwa watengenezaji, chenye vipimo na michoro. Aliyetaka kunakili alikaribishwa. Waliokuwepo wakati watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004 wanakumbuka tulivyojivunia programu huria kwa Kiswahili, kana kwamba ndiyo mara ya kwanza jambo la namna hiyo kufanyika kwetu. Huku Shauri Moyo lilikuwa na umri wa miaka 20.

Uhuru huo ulifanya kazi. Mwanzoni majiko yalikuwa ghali na yaliuzwa polepole. Waigaji walipoingia bei ikaanguka, na kufikia katikati ya miaka ya 1990 yalikuwa jikoni kwa maelfu na maelfu ya nyumba za miji ya Kenya. Daniel Kammen aliandika habari zake katika Scientific American mwaka 1995. Muundo ukavuka mipaka: Ethiopia wakalitengeneza na kuliita Lakech, Ghana wakaliita Gyapa, Tanzania likawa Jiko Bora. Kila mahali walibadilisha kidogo, na hakuna aliyemwomba mtu ruhusa.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike haya yote.

Jirani yangu wa mlango wa tatu anapika supu ya vichwa kwa ajili ya watu wa soko la mbuzi. Anaanza saa kumi alfajiri. Jiko alilonunua mapema mwaka huu lilipasuka bakuli kabla ya miezi mitatu. Ufa ulianza mdomoni ukashuka hadi kwenye matundu, na tangu siku hiyo anaongeza makaa kila mara, kwa sababu joto linatokea kwenye ufa. Kwake yeye mkebe mmoja wa makaa zaidi kwa siku ndiyo faida yenyewe. Niliomba kuliona lile jiko na nikaligeuza. Bakuli lilikuwa dogo kwa koni yake. Pengo lilikuwa limezibwa kwa saruji nene upande mmoja na nyembamba upande mwingine, kwa hiyo udongo ulikuwa umebanwa huku na kuachiwa kule. Ukipata moto na kutanuka, lazima upasuke.

Kwa nini bakuli liwe dogo? Yawezekana sababu ni nyingi, lakini moja inafundishwa na udongo wenyewe. Udongo hunywea. Unapokauka, na tena unapochomwa, unapungua. Chukua asilimia 10 kwa jumla, kiasi cha kawaida. Mwenye kalibu mama analijua hilo, na kalibu yake imetengenezwa kubwa kwa makusudi. Akitaka bakuli la sentimita 25, kalibu yake ina karibu 27.8. Sasa mtu mwingine, fundi mwerevu asiye na mama, anakwenda sokoni, ananunua jiko zuri, analitoa bakuli na kulimiminia plasta. Amepata kalibu ya 25. Bakuli atakalolitoa humo, likishachomwa, litakuwa 22.5. Anayemnakili yeye atapata 20.25. Ndani ya koni ya 25, bakuli la pili linaacha pengo la sentimita 1.25 kila upande, na la tatu karibu 2.4. Saruji inajaza kinachobaki.

Ni nakala ya nakala, kama wimbo uliorekodiwa kutoka kaseti hadi kaseti hadi ukabaki mlio. Tofauti ni kwamba kaseti inapoteza sauti na udongo unapoteza ukubwa, kwa kipimo unachoweza kukikokotoa.

Kuna wanaokwepa mtego huo. Fundi anaweza kulivika bakuli tabaka la udongo kabla ya kutoa kalibu, alinenepeshe kwa moja ya tisa. Au anaweza kukata bati jipya linaloendana na bakuli lake dogo, na hapo ametengeneza tawi lake mwenyewe: jiko zuri tu, linalofanya kazi, lakini ambalo bakuli la mwingine haliingii. Nimepima majiko manne katika ploti yetu na hakuna mawili yaliyolingana mdomo. Kwa hiyo bakuli likipasuka huwezi kwenda kununua bakuli tu. Unanunua jiko. Faida yote ya vipande viwili imekwisha, na anayelipa ni mwenye supu.

Serikali ililiona tatizo la ubora. Mwaka 2013 zilitungwa kanuni za majiko bora ya kuni na makaa, zikitaka watengenezaji wawe na leseni. Sina ugomvi na kanuni. Ila karatasi haina koni. Fundi wa chini ya mwembe ana haja ya kitu cha kushika, cha kuweka juu ya bakuli lake na kuona mwanga unapita wapi.

Magharibi mwa Kenya mambo yalikwenda kwa njia nyingine kidogo, na nadhani inafaa kulinganisha. Katika miaka ya 1980 shirika la Ujerumani la GTZ lilishirikiana na Maendeleo ya Wanawake kueneza jiko la kuni lenye kiini cha udongo kinachojengewa tope jikoni. Liliitwa Maendeleo, na baadaye likajulikana kama Upesi. Vikundi vya wanawake wafinyanzi wa pande za Kisumu na Vihiga vilifundishwa kulitengeneza kwa kalibu. Hawa walikuwa watu ambao mama na bibi zao walijenga nyungu kwa mkono mtupu, pete juu ya pete, bila gurudumu. Yupo atakayesema kalibu iliwapunguzia ufundi. Mimi naona vingine. Ujuzi wa kuchagua udongo, kuukanda, kujua umekauka kiasi gani na moto umeiva lini, wote ulibaki kwao, na mgeni asingeweza kuwafundisha. Kalibu iliwapa kile ambacho mkono hautoi: vyombo mia vyenye mdomo mmoja. Na kwa sababu kikundi kilikuwa na kalibu yake, kila aliyejiunga alianzia kwenye kalibu, si kwenye jiko la sokoni.

Baada ya kusoma yote haya nilirudi kwenye kona yangu na kupanga vipande vyangu vipya sakafuni. Ndipo nikaona nilichokuwa nikikifanya. Kila kipande kina ndimi tatu na matundu matatu ya kukishikisha na mwenzake. Nilikuwa nimetengeneza tumbo la kwanza, nikalipaka maji ya sabuni ya kipande ili plasta isigandane, na juu yake nikamimina kitako. Juu ya kitako nikamimina tumbo la pili. Juu ya tumbo la pili, shingo. Kila kipande kilikuwa mtoto wa kilichotangulia. Plasta hainywei kama udongo. Kinyume chake hutanuka kidogo sana inaposhika, chini ya milimita moja kwa chombo changu. Lakini kidogo mara sita ni kingi, na sabuni nayo ina unene wake. Kitako cha kwanza kiliingia kwenye tumbo la kwanza sawasawa. Shingo ya mwisho ilicheza kwenye tumbo la kwanza kama jino bovu. Nilikuwa nimelaumu mafundi wa watu na huku chumbani kwangu nafanya yale yale.

Nimeanza upya. Nimetengeneza pete mbili tu, moja ya ndimi na moja ya matundu, kwa plasta nzito zaidi ya ile ya kumiminia: gramu 100 za unga kwa gramu 50 za maji badala ya 70. Nimezisugua, nimezipaka vanishi mara tatu zisinywe kitu. Kila kipande kipya, kiwe kitako, tumbo au shingo, kinaungwa na mojawapo ya pete hizo wakati wa kukitengeneza, na pete zenyewe haziguswi na uji hata siku moja. Hadi leo nina vipande 6 kati ya 10. Nimejaribu kila muungano unaowezekana na vyote vinaingia, isipokuwa tumbo la tatu, ambalo nililifungua mapema likanyofoka ulimi.

Yule mzee wa majiko amekuja kuziona. Ameniuliza kama naweza kumtengenezea yeye pete ya mdomo wa koni, moja ya bati na moja ya udongo, ya pili kubwa kwa kiasi cha kunywea. Tumekubaliana kwamba kwanza tuchome vibao vitano vya udongo anaoununua, vyenye mistari ya sentimita 10, tupime unanywea kwa kiasi gani hasa badala ya kukisia. Nitawaletea namba tukimaliza.

Mvua bado inanyesha. Kalibu zinakauka polepole kwenye kamba ya nguo, ndani ya nyavu za vitunguu, mbali na jiko. Pete mbili ziko juu ya kabati, zimefungwa kwa gazeti, na juu yake nimeandika kwa penseli: USIMIMINE.